SOMO LA MATENGENEZO: KUFUFUA NA KUTUNZA SAKAFU YA MBAO ILIYOCHAKAA



Katika masomo yetu tumezoea kuzungumza juu ya vitabu vya hesabu, stakabadhi na mizania. Safari hii naomba ruhusa ya kushuka chini, hadi mahali tunapokanyaga. Baadhi ya vyama vya msingi, na wanachama wetu kadhaa wanaoishi katika nyumba za zamani za mjini na za kando ya reli, wanamiliki sakafu za mbao. Nyingi katika hizo zimekuwa nyeusi, zinalia zikikanyagwa, na wenyewe wamekwisha kuzikatia tamaa. Mimi niliwahi kuihukumu sakafu ya namna hiyo kwa kalamu yangu, na gharama ya hukumu ile ikalipwa na wakulima. Hiyo ndiyo sababu ya somo hili.

Yapata miaka kumi na mitano iliyopita nilikwenda kukagua chama kimoja cha msingi ambacho sitakitaja jina. Ofisi yake ilikuwa katika nyumba kongwe yenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi. Nilipoingia, ubao wa kwanza karibu na kizingiti ulikatika chini ya kiatu changu. Sakafu yote iliyosalia ilikuwa nyeusi kwa polishi ya miaka mingi iliyochanganyika na vumbi, nayo ilikuwa na mikwaruzo ya meza na masanduku. Nami, nikiwa kijana mwenye haraka ya kuonyesha kuwa naijua kazi, nikaandika katika taarifa: "Sakafu imechakaa kabisa. Ibomolewe na iwekwe ya saruji." Maneno manane. Sikupiga goti, sikuchomoa kisu, wala sikumwita fundi.

Mkutano Mkuu ukapitisha. Mbao ziling'olewa, uwazi uliokuwa chini yake ukajazwa kifusi, na saruji ikamwagwa juu. Mbao zenyewe alipewa fundi kuwa sehemu ya ujira wake, kwa vile zilihesabiwa kuwa kuni.

Niliporudi baada ya misimu miwili ya mvua, saruji ilikuwa imepasuka, maana kifusi hakikushindiliwa vya kutosha. Mchwa walikuwa wamepanda kupitia nyufa zile nyuma ya kabati la vitabu, mahali ambapo hakuna mtu aliyewaona. Daftari la wanachama lilikuwa limeliwa kuanzia mgongoni. Mzee mmoja, mkulima wa tumbaku, alisimama mbele yangu akizidai hisa zake, na ukurasa wake haukuwapo. Kilichomwokoa ni kopo la bati alimohifadhi stakabadhi zake zote tangu siku aliyojiunga. Wengine watatu hawakuwa na kopo. Madai yao yalichukua miezi saba kumalizwa, kwa kupekua nakala za zamani, moja baada ya nyingine.

Siku ile ile nilipita kwa yule fundi, mzee aliyejifunza useremala katika karakana ya reli. Kibarazani kwake palikuwa na meza ndefu ya rangi ya kahawia yenye wekundu kwa mbali, laini kama kibuyu cha maziwa.

"Shikamoo, Mzee. Mbao hizi umezipata wapi?"

"Marahaba. Ni zile zile za ofisini, Bwana Mkaguzi. Ubovu ulikuwa katika mbao tatu tu, pale mlangoni. Nyingine nimezipitishia randa unene wa ukucha, na mninga ukatokeza kama uliopasuliwa jana."

Nilipima unene wa meza ile kwa rula yangu. Ulikuwa bado umezidi robo tatu ya inchi. Chama kilikuwa kimetoa mali yake kama kuni na kununua hasara kwa saruji, kwa ushauri wangu.

Yafaa kwanza tujue sakafu hizi zimetoka wapi. Zama za misafara, wapagazi walipokuwa wakipita baina ya Bagamoyo na Ujiji, na Tabora ikiwa kituo kikuu cha katikati, nyumba ya heshima huku kwetu ilikuwa tembe: kuta nene za udongo, paa bapa la miti lililofunikwa kwa udongo, na sakafu ya udongo uliopondwa. Ndiyo namna ya nyumba walizozikuta Burton na Speke mwaka 1857, na ndiyo namna ya nyumba walimokaa Livingstone na Stanley pale Kwihara mwaka 1872. Mbao ngumu zilitumika milangoni. Miguuni hazikuwa na kazi. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na katika zama hizo za reli ndipo zilipoanza kuonekana nyumba za mtindo mwingine, nyingine zikiwa na sakafu za mbao. Miti haikuwa mbali. Misitu yetu ya miyombo ina mninga, ambao ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, na ina mkola pia. Mninga una sifa moja inayoufanya upendwe na maseremala kila mahali: ukishakauka vizuri, hautanuki wala kusinyaa sana kwa kubadilika kwa majira. Lakini hukua polepole mno. Mti wa kupasua mbao huhitaji miaka 80 na zaidi. Leo kuuvuna kwahitaji leseni, na kusafirisha mbao zake kwahitaji hati ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kwa hiyo mwenye sakafu ya mninga nyumbani mwake ana kitu ambacho mjukuu wake hatakiona kikiuzwa kwa bei nafuu.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Kabla ya kununua hata karatasi moja ya msasa, hapana budi kuitambua hali ya sakafu, na hapa nitakawia, kwa kuwa ndipo nilipokosea mimi.

Uchakavu ni wa namna mbili. Kuna uchakavu wa uso: weusi, mikwaruzo, polishi iliyoganda, vanishi iliyobanduka, madoa ya maji. Huo hautishi. Kuna na uchakavu wa ndani, yaani kuoza na kuliwa na wadudu. Kuutofautisha chukua kisu chenye ncha, piga goti, na uichomeke ncha hiyo kwenye ubao kila baada ya hatua moja, hasa karibu na milango, chini ya madirisha na pembeni mwa kuta. Ubao mzima hukataa, na kisu kikiingia hutoka na vijiti vikavu. Ubao uliooza hupokea kisu kama kiazi kilichochemshwa. Kisha gonga kwa mpini wa nyundo. Sauti kavu na nzito ni dalili njema. Sauti ya debe tupu mahali ambapo pembeni yake palikuwa na sauti nzito ni dalili ya kuwa mchwa wamekula wakaacha ganda. Mahali palipo laini pachorwe alama kwa chaki. Ukimaliza chumba kizima utashangaa jinsi alama zilivyo chache.

Baada ya hapo, tazama chini ya sakafu. Nyumba zenye sakafu ya kuinuliwa zina matundu ya hewa katika msingi. Hewa hiyo ndiyo uhai wa mbao na wa boriti zinazozibeba. Katika nyumba nyingi nilizozikagua, matundu hayo yamezibwa kwa mawe au magunia ili kuzuia panya na nyoka. Wenye nyumba wana haki ya kuwaogopa nyoka, lakini dawa yake ni wavu wa waya wenye matundu madogo. Ukiziba kabisa, unyevu wa masika hubaki chini, na boriti huoza kimya kimya. Tumia tochi. Ukiona vijia vya udongo vimepanda kwenye nguzo au kwenye ukuta wa msingi, hao ni mchwa. Vunja vijia hivyo, tafuta vinakotoka, na mwite anayejua dawa kabla ya kugusa jambo jingine lolote. Hii ndiyo faida kubwa ya sakafu iliyoinuliwa ambayo sikuifahamu siku ile: adui analazimika kupanda hadharani. Chini ya saruji iliyopasuka hupanda gizani.

Kama sakafu ni ya vipande vifupi vya mbao vilivyogandishwa juu ya saruji, hakuna cha kuchungulia chini. Hapo gonga tu, na vile vinavyocheza ving'olewe, vikwanguliwe gundi ya zamani na vigandishwe upya.

Ukiisha kujua palipooza, rekebisha hapo kwanza. Ubao mbovu usikatwe popote tu. Ukatwe mahali unapolalia juu ya boriti, ili kipande kipya kipate kuegemea pande zote mbili. Kipande hicho kiwe cha mti ule ule na kiwe kikavu. Mbao mbichi zitasinyaa kabla ya mwaka kwisha na kukuachia pengo. Mimi hushauri kipande kitolewe chini ya kabati au katika kona isiyoonekana, na kile kipya kiwekwe huko. Mbao zinazolia zikazwe kwa skrubu mahali zinapokutana na boriti. Misumari iliyochomoza ipigwe ndani hadi kichwa kizame chini ya uso wa ubao, maana msumari mmoja tu waweza kuchana msasa wote na kuharibu meno ya randa.

Kuhusu nyufa baina ya mbao, nawasihi wenye haraka. Hapa kwetu kiangazi ni kirefu, tangu Mei hadi Oktoba, na mbao husinyaa. Mvua zikija Novemba hutanuka tena. Mtu anayejaza kila ufa mwezi wa Septemba kwa gundi na vumbi la mbao, ataona mwezi wa Januari kujaza kwake kumesukumwa nje, au mbao zimebinuka kwa kukosa nafasi. Nyufa nyembamba ziache kama zilivyo. Ufa mpana uwekewe ufito mwembamba wa mbao uliopakwa gundi upande mmoja tu, ili upande wa pili upate kucheza na majira.

Kuondoa weusi wa juu ndiko kunakochosha. Polishi ya zamani ilainishwe kwa tapentaini na kusuguliwa kwa ule waya wa kusugulia sufuria, kisha ifutwe kwa matambara kabla haijakauka. Usianze na msasa juu ya polishi, kwani msasa utajaa nta mara moja na utatupa fedha. Ikiwa sakafu ilipakwa rangi ya zamani, tahadhari: rangi nyingi za miaka iliyopita zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Rangi hiyo isisuguliwe ikiwa kavu. Iloweshwe kidogo na kukwanguliwa, takataka zikusanywe katika karatasi na kutupwa mbali, na watoto wasiwepo.

Kisha sugua kwa kufuata nyuzi za mbao, kamwe si kwa kuzikata. Anza na msasa mkavu wa namba 40 pale palipoharibika sana, fuata na 80, malizia na 120. Fundi yule mzee hakutumia msasa wa kwanza. Alikwangua kwa kipande cha bati gumu la msumeno mkongwe kilichonolewa ukingo, naye alikuwa akipata uso laini kuliko niliouona ukitoka kwenye mashine. Mashine za kukodi zipo, na kwa ukumbi mkubwa zafaa, lakini mkono usiozoea huziacha zisimame mahali pamoja na kuchimba bonde ambalo halitaondoka tena. Kwa chumba cha nyumbani naupendelea mkono. Katika chama kingine, miaka michache baada ya kosa langu, watu wawili walimaliza chumba cha Katibu cha mita tatu kwa nne kwa siku nne. Wajifunge kitambaa puani na mdomoni. Vumbi la mninga huwasha ngozi ya baadhi ya watu na kuwabana kifua.

Sakafu ikiisha kuwa safi, ina kiu. Usiiache usiku mmoja bila kinga, maana doa la chai la siku hiyo litakuwa lako kwa maisha. Watu hutumia vitu vitatu: vanishi, mafuta ya kitani, au nta. Vanishi ni ngumu na huhitaji kazi kidogo, ila ikianza kubanduka mlangoni, hapana budi chumba chote kisuguliwe upya. Tena haishiki kamwe juu ya mbao zilizowahi kupakwa nta kama nta hiyo haikuondolewa yote. Mafuta ya kitani huingia ndani na kuonyesha rangi ya mti kwa uzuri, lakini matambara yaliyoloweshwa mafuta hayo yakirundikwa pamoja hupata joto yenyewe na kuwaka moto bila kiberiti. Yatandazwe nje yakauke, au yatiwe majini. Mafuta ya kupikia yasitumike. Hubaki yakinata, huvunda, na huita sisimizi. Wala oili chafu ya magari, ambayo wengi hupaka mbao kuzuia mchwa, isiingie ndani ya nyumba. Yatia weusi, yanuka, na si salama kwa wanaokaa humo.

Nasi watu wa Tabora, ambao nta yetu ya nyuki ilikwisha kuwa bidhaa ya kuuzwa ng'ambo tangu zama za Wajerumani, ni ajabu kwamba twanunua polishi ya kopo dukani na kuipeleka katika chama chenye wafugaji wa nyuki kumi. Matayarisho yake ni haya. Chukua robo kilo ya nta safi iliyochujwa, uikatekate, uiweke katika chombo cha bati, na chombo hicho ukiweke ndani ya sufuria yenye maji. Tia moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 za Sentigredi, yaani kabla maji hayajachemka, na haifai kuwekwa juu ya moto mtupu. Ikiisha kuyeyuka, iepue na uipeleke mbali na jiko, nje kabisa, ndipo umimine taratibu robo tatu ya lita ya tapentaini huku ukikoroga. Nasisitiza neno nje. Katika chama kile cha pili kijana mmoja mwenye bidii alitaka kumimina tapentaini sufuria ikiwa ingali juu ya jiko la mkaa, nilimshika mkono. Mvuke wa tapentaini hushika moto kabla ya tapentaini yenyewe, na ofisi ile ilikuwa na mapaa ya mbao vilevile.

Mchanganyiko ukipoa huwa mlaini kama siagi. Kiasi hicho chatosha chumba kidogo mara mbili na kubaki. Paka kwa kitambaa, tabaka nyembamba kabisa, acha kwa saa kadhaa hadi mvuke uishe, kisha sugua kwa nguvu kwa kitambaa cha sufu au kipande cha blanketi kuukuu mpaka ing'ae. Rudia kesho yake. Wengi hupaka nene wakidhani wanakirimu mbao. Tabaka nene halikauki, hukamata vumbi, na huwaangusha wazee.

Utunzaji baada ya hapo ni kazi nyepesi iliyo na adui mmoja mkubwa, nalo ni deki. Tumelelewa kuamini kuwa usafi ni ndoo ya maji iliyomwagwa sakafuni kila asubuhi. Kwa saruji ni sawa. Kwa mbao, maji hupenya kwenye viungo na kukaa humo. Zile mbao tatu za mlangoni katika kisa changu ziliozeshwa na deki na mvua ya kizingitini. Fagia kwa ufagio laini, futa kwa kitambaa kilichokamuliwa mpaka hakidondoshi, na pakavu papite mara moja. Weka mkeka mgumu mlangoni, kwani mchanga wa viatuni ni msasa usiolipiwa. Miguu ya meza na viti ivalishwe vipande vya ngozi au blanketi. Mpira wa tairi huacha madoa meusi. Magunia ya mbolea yasilazwe kamwe juu ya sakafu ya mbao, hata kwa usiku mmoja: chumvi yake huvuta unyevu wa hewa na kuuteremsha chini.

Kujua kama wakati wa kupaka nta tena umefika, dondoshea tone la maji karibu na mlango. Likisimama kama ushanga, subiri. Likinyweka na kuacha alama nyeusi, paka, lakini paka hapo penye njia tu, si chumba kizima. Katika chama cha pili nilichokitaja wanafanya hivyo mara mbili kwa mwaka, Mei na mwishoni mwa Oktoba, na nta hununuliwa kwa mwanachama wao mmoja kwa stakabadhi halali.

Kwa upande wa hesabu, Katibu aiandike sakafu katika daftari la mali ya kudumu kwa mita zake za eneo na aina ya mti wake, isimezwe ndani ya neno "jengo". Gharama za nta, tapentaini na msasa ziingie katika fungu la matengenezo, nazo ziombwe katika makisio ya kila mwaka kabla hazijahitajika. Endapo Bodi itapendekeza kung'oa, basi iletwe mbele ya Mkutano Mkuu karatasi yenye hesabu mbili, ya kukarabati na ya kubadili, pamoja na idadi ya mbao zilizopatikana mbovu kwa kisu na thamani ya zile nzima kama mbao, si kama kuni. Mbao zitakazotolewa zihesabiwe moja moja na kuuzwa kwa utaratibu wa mali ya chama.

Mimi katika ziara zijazo nitakuja na tochi na kisu, na nitaomba kuonyeshwa matundu ya hewa kabla ya vitabu.